Mama, anayelia hapa si binti yako

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kitinda mimba wangu ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne bweni, akapata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ujerumani huku akiishi na familia ya huko, mji mdogo karibu na Hamburg. Baba yake ndiye aliyempeleka Dar kupanda ndege, mimi nilishindwa. Alifika Jumamosi jioni, na siku hiyo hiyo nikajua mwanangu kaingia pabaya. Chakula cha usiku walimpa mkate na jibini, vya baridi, na sahani yake wakaitenga pembeni pamoja na kisu chake, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Hajapumzika vizuri, akaonyeshwa mapipa manne ya taka na mashine ya kufulia nguo zake mwenyewe. Jumapili alichelewa kidogo kushuka, akakuta wenzake wameshakula, kaachiwa yai limevishwa kofia ya sufu, sijui ni dharau gani hiyo. Alfajiri nilimpigia nimwamshe aswali, hakupokea. Nilipopiga mara ya tisa akapokea yule mama, akasema kwa Kiingereza kwamba mtoto yuko mezani, atanipigia baadaye. Yaani kamnyang'anya simu! Nimemwambia mume wangu tumrudishe, anajibu "mwache mtoto", anavaa kandambili anakwenda barazani. Hana uchungu. Nahisi hata mimi hana haja nami tena. Nifanyeje?*

*Mama Mwenye Uchungu, Tanga*

Marahaba, mama. Pole. Kitinda mimba akitoka, nyumba inakuwa na mwangwi, na huo uchungu siubezi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia naona mama mmoja tu anayekosea, naye haishi Ujerumani.

Tuanze na sahani, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipogeukia upande wa yule mama wa watu. Kabla mwanafunzi hajapelekwa kwenye familia, hujaza fomu: dini yake, chakula asichokula, kinachomdhuru. Binti yako aliandika kwamba ni Mwislamu. Sasa iangalie meza ile ya Jumamosi. Nyumba nyingi za Wajerumani hula chakula cha moto mchana, na jioni huweka mkate, jibini, nyama za kukatwa vipande vyembamba na matango ya siki. Mlo wenyewe wanauita *Abendbrot*, yaani mkate wa jioni, na tajiri kwa maskini wanaula. Kati ya nyama zile, nyingi ni za nguruwe. Mwanamke yule, ambaye huenda hajawahi kukaa na Mwislamu nyumbani kwake, alichukua sahani moja, akaiweka mbali na nyama zile, akaweka na kisu ambacho hakijagusa kitu. Wewe umesoma ugonjwa wa kuambukiza. Mimi nimesoma mtu aliyeisoma fomu ya mtoto wa mwenzake neno kwa neno. Kuna mashangazi wa damu kabisa ambao hawangejisumbua hivyo.

Na yai je? Hicho kikofia ni cha kufuma, huvishwa yai la kuchemsha likiwa kwenye kikombe chake kidogo ili lisipoe. Maana yake walimsubiri, wakaona hashuki, wakala, na wakahakikisha atakula cha moto. Tena nadhani najua kwa nini alichelewa. Mjerumani akisema *halb neun*, yaani nusu ya tisa, anamaanisha nusu saa kabla ya tisa ya saa zao, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Mtoto aliyefundishwa saa kwa Kiingereza anaisikia kama saa tatu na nusu. Saa nzima imepotea hapo bila mtu kuwa na nia mbaya. Akiulizia jambo hilo moja tu wiki hii, wiki ijayo atakuwa wa kwanza mezani.

Mapipa ya taka sitayakalia sana. Kila nyumba kule inatenganisha karatasi, vifungashio, mabaki ya chakula na takataka nyingine, na anayechanganya anawaletea wenyeji wake aibu kwa majirani. Kumfundisha siku ya kwanza ni kumkinga.

Ila hili la kufua limenishangaza. Mama, binti huyu ametoka bweni! Miaka minne amelala kitanda cha deka, amebeba ndoo ya maji, amefua sare kwa mkono, amekula ugali na maharage, na simu hakuruhusiwa kuwa nayo. Wakati ule hukuniandikia. Mtoto wa namna hiyo havunjwi na mashine inayofua yenyewe. Ndiyo maana nasema anayelia si yeye. Katika barua yako yote hakuna mahali ulipoandika kwamba binti alisema anataka kurudi. Hakuna hata neno moja. Aliyelia ni wewe, na mtoto anakusimulia habari za siku yake, unazigeuza kuwa msiba.

Unasema simu alinyang'anywa. Basi habari za jibini, sahani, mapipa na yai zilikufikiaje? Umepiga mara tisa, mama. Nyumba ngeni, lugha ngeni, watu wasiojua hata kutamka jina lake sawasawa, na kila akianza kusema neno, mfuko unalia. Kisha saa: msimu huu wako nyuma yetu saa moja, na mwisho wa Oktoba watakuwa nyuma saa mbili. Ulipopiga saa kumi na moja alfajiri, huko ilikuwa saa kumi usiku, na mtoto ametoka safarini. Yule mama alipopokea akakwambia kwa adabu kwamba binti yuko mezani, alikuwa anafanya kazi ya mzazi. Mtoto hukulia mezani, si kwenye simu.

Na kazi hiyo, katika mipango mingi ya kubadilishana wanafunzi, hufanywa bila malipo. Familia hujitolea chumba, chakula na mwaka mzima wa subira. Shirika la AFS, lililoanza na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa vitani, lilianza kuwapeleka wanafunzi kuishi majumbani mwa watu Marekani mwaka 1947, baada ya vita kuu ya pili, kwa imani kwamba waliokula meza moja hawatapigana upesi. Ndiyo sababu mwanafunzi hapokelewi kama mgeni wa sebuleni. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Binti yako kapewa jembe siku ya kwanza, maana yake kahesabiwa mtoto wa nyumba tangu mlangoni. Wala si jambo geni kwetu. Ni wangapi tuliopelekwa kwa mjomba mjini ili tusome, na tulipofika tukapokelewa na masufuria?

Sasa kwa mumeo. Umeniambia hana uchungu, lakini umeniambia pia ni nani aliyempeleka mtoto Dar. Zaidi ya kilomita 300 za kwenda, akamkabidhi kwenye mlango wa uwanja wa ndege, na zaidi ya kilomita 300 za kurudi peke yake. Wewe ulishindwa, yeye akabeba fungu lake na lako. Alipofika nyumbani ulimuuliza safari ilikuwaje, au ulimpokea na kilio? Mwanamume aliyelelewa pwani hatakaa sebuleni alie nawe. Anavaa kandambili anatoka, kwa sababu ndani ya nyumba uchungu wote umeshachukuliwa na mtu mmoja.

Ndoa nyingi za siku hizi zinanitia hofu kwa jambo hili. Mama analea watoto, baba analea kazi, na kwa miaka ishirini mazungumzo yao ni ada, sare, homa na nauli. Watoto wanafanywa nguzo ya kati. Siku wa mwisho anapobeba begi lake, paa linatikisika, na wale wawili wanatazamana kama abiria waliokutana stendi. Hapo mmoja anakimbilia simu, mwingine baraza. Sentensi yako ya mwisho, ile ya kwamba mume hana haja nawe tena, umeiweka mwishoni kana kwamba ni nyongeza. Ndiyo barua yenyewe hiyo, na Ujerumani haina lawama humo.

Nikwambie na hili bila kuficha: binti akikwambia kwa kinywa chake kwamba ananyimwa chakula, anafungiwa, au mtu anamgusa, usisubiri hata saa moja. Mipango hii ina mratibu wa karibu na familia, namba yake mlipewa kwenye karatasi, na mwanafunzi huhamishwa. Yai lenye kofia halimo katika orodha hiyo.

Simu iwe mara moja kwa wiki, Jumapili mchana. Jumapili hii muombe binti akupe yule mama kwanza. Mwambie *danke*, ndiyo asante ya kwao, kisha mwambie asante kwa ile sahani. Binti naye amweleze kwamba neno letu shule limetoka kwao, *Schule*. Mezani watapata cha kuzungumza.

Na leo usiku pika anachokipenda mumeo, umsubiri arudi kutoka barazani, mle pamoja, simu iwe chumbani. Muulize mtoto alisema nini pale mlangoni kabla hajaingia ndani. Yeye peke yake ndiye anayejua, na mpaka leo hujamuuliza.