Cheti cha kobalti kwa betri isiyo na kobalti

SWALI: Mtaalamu, salaam. Kampuni yetu hapa Mombasa inaagiza mabasi ya umeme kutoka China, betri zake ni LFP. Benki ya Ulaya inayotukopesha inataka uthibitisho kwamba madini ya betri hayakuchimbwa kwa kutumikisha watoto. Muuzaji ametutumia cheti cha "kobalti safi ya Kongo". Yupo pia mshauri anayeahidi kututolea cheti cha mnyororo mzima wa ugavi, toka mgodini hadi kiwandani, kwa wiki 2. Vinatosha?

JIBU: Havitoshi, na hicho cha muuzaji ni kichekesho. LFP ni lithiamu, chuma na fosfati, kobalti haimo. Mmenunua dagaa mkapewa risiti ya nyama.

Lakini msishangilie bado. Ndani ya seli mna utando wa shaba, na upande wa hasi ni grafiti. Kule Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo (DRC), shaba na kobalti hutoka kwenye mwamba mmoja, kwa hiyo basi lenu laweza kubeba shaba ya shimo lile lile ambalo wenzenu wanadhani wamelikwepa. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 yenyewe inadai uchunguzi wa kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti asilia. Shaba haikutajwa. Kwenye grafiti, ambayo hata jirani zetu Tanzania wanayo, ulizeni kwanza nani alihamishwa kupisha mgodi na alilipwa nini.

Kinachonichosha ni imani kwamba karatasi hutembea na jiwe. Haitembei! Mchimbaji mdogo wa Kolwezi anapeleka magunia yake depo, yaani vituo vya kununulia madini, kama zile za Musompo karibu na mji huo. Dalali anapima uzito na kiwango cha madini, analipa, anamwaga kwenye rundo la wote. Gunia la mwenye kibali na la mtoto aliyeacha shule huishia lori moja, kisha asidi moja mtamboni. Sehemu kubwa ya kobalti hiyo husafishwa China, ikichanganywa tena na ya migodi mikubwa. Hapo hakuna maabara itakayokwambia mkono wa nani ulichimba.

Wengine hujigamba: "Sisi hatugusi madini ya wachimbaji wadogo." Tangu ripoti ya 2016 ya mashirika ya haki Amnesty na Afrewatch, kuhusu watoto wanaochimba kobalti Kongo, nimelisikia hilo mpaka basi. Wachimbaji hawakwenda popote. Wanamuuzia asiyeuliza, kwa bei anayotaka yeye. Sheria inawatengea maeneo yao, ila ardhi yenye madini mazuri imeshikwa na kampuni kubwa, basi wanaingia humo humo. Juni 2019 zaidi ya watu 30 walifukiwa kwenye KOV, mgodi wa kampuni kubwa hapo Kolwezi. Cheti kingewafaa nini?

Mwongozo wa OECD (shirika la nchi tajiri) kuhusu ununuzi wa madini, ambao huenda benki yenu inaufuata, hauulizi mna cheti gani. Unauliza mmeona hatari zipi na mmechukua hatua gani. Mwandikieni muuzaji awape majina ya viwanda vilivyosafisha shaba, lithiamu na grafiti, ripoti ya mwisho ya mkaguzi huru wa kila kiwanda, na malalamiko ya wafanyakazi na wanakijiji yaliyopokelewa. Akikataa, andikeni kwamba amekataa, mtie na tarehe, mpeleke benki hivyo hivyo. Wakopeshaji makini huliheshimu pengo lililokiriwa kuliko muhuri.

Na huyo mshauri, au mwingine yeyote anayewatajia siku ya kutoa cheti kabla hajauliza shaba yenu iliyeyushwa wapi, msimpe hata malipo ya awali.