Taya linalolia na shingo iliyokaza
Dada, umeuliza kama taya kulia "ka!" ukipiga mwayo kunahusiana na shingo kukaza. Mara nyingi ndiyo. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo na ile ya taya hupeleka habari za maumivu sehemu moja kwenye shina la ubongo, ndiyo maana shingo inaweza kuuma ukadhani ni taya.

Mimi nashona hapa Majengo, Dodoma. Msimu wa sare za shule nilikuwa nainamia cherehani kutwa, kidevu mbele, meno nimeyabana bila kujua. Nikiitwa kushoto nageuka na bega zima! Mtaalamu wa fiziotherapia alianza na shingo kwanza, na baada ya wiki kadhaa taya nalo likalegea.

Jizoeze hivi: midomo imefungwa, meno yasigusane. Miwa na karanga ngumu acha kwanza. Taya likigoma kufunguka, muone daktari wa meno. Likiuma huku kifua kinabana, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, huenda ni moyo.