Jibu: Mama ana presha, dawa anameza hela ikiwepo

Pole sana ndugu yangu. Nimekuelewa, mama ana miaka 67, yuko Muheza, dawa za presha anameza hela ikipatikana na sasa miguu inavimba. Mzee wangu alikuwa hivyohivyo, kakata mkonge maisha yake yote hana pensheni hana bima, wakati kaka yake mwenye bima haruki kliniki hata mwezi mmoja. Ugonjwa uleule, tumbo moja, tofauti mfuko tu, inauma jamani.

Sisi tulishtuka alipoanza kulalia mito mitatu, akilala chali pumzi inakata. Muulize mama hilo. Kama ndiyo, au anabanwa kifua, usisubiri mwisho wa mwezi, mpeleke hospitali leoleo, wakiona inafaa watampa rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga.

Kuhusu hela, sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo anatibiwa bure. Anza na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, kisha uone watu wa ustawi wa jamii pale hospitali. Ukiambiwa dawa hakuna usiondoke, rudi kwa daktari umuulize kama ipo nyingine ya bei nafuu inayomfaa. Sisi tulichangishana mimi na dada zangu kila mwezi.

Na asiache dawa kisa kichwa hakiumi, presha inaua kimyakimya. Ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, nao apunguze, najua ni ngumu kwa watu wa pwani.