Ukubwa wa tangi la diskasi: anza na lita utakazomwaga kila wiki

Swali lililoulizwa ni iwapo tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40 linatosha kufugia diskasi wanne, samaki wa mapambo wa maji ya joto, kwa kuwa muuzaji amesema kila samaki anahitaji lita 25. Jibu langu ni kwamba halitoshi. Ningependa kueleza sababu kwa kirefu, kwa maana hesabu ya lita kwa kila samaki, hata ikisahihishwa, haigusi jambo ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linaloamua kama diskasi watastawi au watadhoofika.

Diskasi huuzwa akiwa na sentimita 5 au 6, lakini akilelewa vizuri hufikia sentimita 15 hadi 18, na wengine huikaribia 20. Mwili wake ni wa mviringo na bapa kama sahani iliyosimamishwa, kwa hiyo kimo chake, mapezi yakiwa yamefunguka, kinakaribia urefu wake. Tangi la kimo cha sentimita 40, ukiondoa nafasi ya juu na mchanga wa chini, hubakiwa na maji ya sentimita 32 hivi, ambayo hayampi samaki wa kiasi hicho nafasi ya kupanda na kushuka. Mimi huanzia kimo cha sentimita 50, na upana wa mbele kwenda nyuma usiopungua 45, ili samaki mkubwa ageuke bila kugusa kioo wala magogo.

Urefu nao una kazi yake. Diskasi ni samaki wa kundi, na ndani ya kundi kuna ngazi za ubabe. Wakiwa watatu au wanne, mbabe humwandama mmoja tu, na huyo utamwona amejibanza pembeni, rangi imekuwa nyeusi, na chakula hakigusi. Wakiwa sita, ubabe hugawanyika na hakuna anayebeba mateso yote peke yake. Hata hivyo, kundi la sita lahitaji mahali pa kukimbilia, na ndiyo maana napendelea tangi refu la sentimita 120 kuliko tangi fupi lililopandishwa juu ili kufikisha lita zile zile. Zaidi ya hayo, tangi refu lina uso mpana wa maji unaopokea oksijeni, jambo lenye uzito kwa samaki anayeishi katika nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi: maji safi ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali yale ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu.

Sasa nije kwenye maji, ambako ndiko kiini cha jibu langu kiliko. Chukulia samaki sita wanaolishwa kiasi kile kile kila siku. Taka wanazotoa kwa wiki ni zile zile, wawe katika lita 150 au katika lita 400. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia, sumu itokanayo na taka hizo, kuwa nitriti na kisha nitreti, lakini nitreti hiyo, isipokuwa sehemu inayofyonzwa na mimea, haitoki mpaka uimwage pamoja na maji. Ukifuata utaratibu mmoja kwa muda, kiwango cha juu ambacho nitreti hufikia kabla ya kila zamu ya kubadilisha maji hakitegemei tena ukubwa wa tangi, bali hutegemea lita unazomwaga. Ukimwaga lita 100 kwa wiki, kiwango hicho hutulia karibu mahali pale pale katika tangi dogo na katika tangi kubwa, mradi maji mapya hayaji na nitreti yake. Tofauti iko kwenye mshtuko: lita 100 ni robo tu ya tangi la lita 400, lakini ni thuluthi mbili za tangi la lita 150, na mabadiliko ya ghafla ya joto na pH (kipimo cha uasidi wa maji) kwa kiasi hicho huwachosha diskasi hata maji mapya yakiwa masafi. Katika tangi la sentimita 80 lililotajwa, ambalo kwa kweli hubakiwa na lita 90 hivi, usafi huo hupatikana kwa kumwaga maji yote.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri huuliza kwanza: kila wiki, bila kukosa, unaweza kuandaa lita ngapi za maji yaliyoondolewa klorini na kupashwa hadi joto la tangi? Lita hizo ziwe kati ya thuluthi moja na nusu ya tangi. Anayeweza lita 100 hadi 120 anafaa tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, ambalo kwa hesabu ni lita 300 lakini likishatiwa mchanga na magogo hubeba kama 250, na humo nitaweka diskasi watano au sita wakubwa. Anayeweza lita 40 tu namsihi asubiri hadi apate njia rahisi ya kuandaa maji, kwa sababu tangi kubwa humpa mfugaji muda wa kuona tatizo na kulirekebisha, lakini halimwondolei kazi.

Kwa watoto wa sentimita 6 hali ni tofauti kidogo. Hao hula mara nne au tano kwa siku, na katika tangi kubwa lenye mchanga mabaki ya chakula hujificha na kuoza. Nimepata matokeo mazuri kwa kuwalea katika lita 150 hadi 200 bila mchanga wowote, nikinyonya uchafu na kubadilisha maji kila siku au kila siku ya pili, kisha kuwahamisha wakifika sentimita 11 au 12. Aliyedumaa humtambua kwa macho yanayoonekana makubwa mno kwa mwili wake, na kimo alichopoteza utotoni hakirudi hata ukimhamishia kwenye tangi kubwa baadaye.

Jozi inayozaa ndiyo pekee ninayoitafutia tangi dogo. Lita 100 hadi 125, lisilo na samaki wengine, hutosha kabisa, kwa kuwa vifaranga hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi na lazima wawapate haraka; katika tangi pana wengi hupotea.

Kabla ya kununua, fikiria pia sakafu. Lita 300 ni kilo 300 za maji, kioo cha milimita 10 huongeza kilo 57 hivi, na ukijumlisha mchanga, magogo na stendi utazidi kilo 400 zinazosimama mahali pamoja. Hita, yaani kifaa cha kupasha maji, iwe na takriban wati moja kwa kila lita, nami husisitiza hita mbili za wati 150 badala ya moja ya 300: moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha samaki upesi, na moja ikifa, nyingine huchelewesha maji kupoa hadi utakapokisoma kipimajoto.