Kwa nini kina mama hawaji kupima mlango wa kizazi, na kinachowaleta

Dada, umeuliza kwa nini kina mama mnaowahamasisha wanaitikia vizuri mbele yenu, halafu siku ya kupima hawaonekani. Mimi ni muuguzi, na chumba cha uchunguzi ndicho kazi yangu ya kila siku. Nakujibu kwa niliyoyaona humo.

Wengi wanajua fika kwamba saratani ya mlango wa kizazi inaua. Ukizidi kulikazia hilo, unawatia woga na wanazidi kukaa mbali. Kinachowazuia ni kile kitanda. Hawajui watavuliwa nini, nani atakuwepo, kitaingizwa nini na kitauma kiasi gani. Kwa hiyo mimi huanza na hayo. Kifaa cha kufungulia njia ya uke nawapa wakishike, wakifungue na kukifunga kwa mikono yao. Nawaambia: utavua nguo ya ndani tu, shuka utajifunika, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nitapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, huenda ikawasha kidogo, tutasubiri kama dakika moja nione kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Ukisema simama, nasimama palepale. Neno hilo la mwisho ndilo linalowalegeza mabega.

Hofu ya pili ni majibu. Mtu anaona kupima ni kwenda kuambiwa una saratani. Mweleze kwamba tunatafuta mabadiliko yanayotangulia saratani. Chanzo karibu chote ni kirusi cha HPV, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kiking'ang'ania, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa anayeishi na VVU bila dawa inaweza kuwa 5 hadi 10, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri yeye aanze kupima akiwa na miaka 25, wengine 30. Katika muda wote huo mabadiliko yakionekana, mara nyingi hugandishwa au huchomwa kwa joto kwa dakika chache, na mama anarudi kwake siku hiyohiyo.

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona, nalo ni mume. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, basi mama anaogopa jibu litageuka kesi nyumbani. Liseme wewe kwanza, kabla hajapima: karibu kila aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Jibu hilo haliwezi kuonyesha kimeingia lini wala kimetoka kwa nani. Nimewaona waliokuwa wameshika mikoba tayari kuondoka wakaketi tena baada ya kulisikia hilo. Waume wakiwepo, waambieni nao.

Kama mna kipimo cha HPV, mwacheni mama ajichukulie sampuli mwenyewe. Anaingia faraghani, anaingiza kijiti chenye pamba ukeni, anakizungusha, anakirudisha kwenye chupa yake. Inakubalika kitabibu, na kwa wale wasiotaka kabisa kupanda kitandani, sijaona njia bora zaidi. Akikutwa na HPV itabidi achunguzwe, lakini wakati huo ana sababu yake mwenyewe ya kuja.

Lugha ya mhudumu nayo ichungeni sana. Kuna mama aliwahi kukemewa mahali fulani kwamba "mbona kuzaa hukuona aibu". Hakurudi, na wenzake aliowasimulia hawakwenda. Aliyepimwa akatendewa kwa heshima atawaleta dada na jirani zake, na watamwamini kuliko bango lolote.

Mwenye kutokwa damu baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi asisubiri siku ya kampeni. Huyo anahitaji daktari sasa.

La mwisho, kabla hamjaita watu, jueni atakayekutwa na tatizo atatibiwa wapi, lini, na nani atampigia simu. Kumwambia mama ana mabadiliko kisha kumwacha azunguke peke yake ni ukatili, na habari hiyo husambaa haraka. Je, kwenu mnatumia siki au kipimo cha HPV? Na matibabu yanafanyika hapohapo au mnawapa rufaa? Nijibu hayo, nikueleze tunavyopanga siku yetu.