Uliza Tukujibu: Siku moja Assisi

SWALI: Kwaya ya parokia yetu itakuwa Roma, na tumepewa siku moja ya kwenda Assisi kwa Mtakatifu Fransisko. Tuanzie wapi? — Mama wa kwaya, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, shikeni treni ya asubuhi pale Roma Termini, safari huchukua muda wa saa mbili hivi au zaidi, na treni nyingine hulazimu kubadilisha mjini Foligno. Kituo cha Assisi kiko bondeni. Wengi hukimbilia basi la mlimani wakaipita Porziuncola, kikanisa kidogo kilichomo ndani ya basilika ya Santa Maria degli Angeli, karibu na kituo. Anzeni hapo.

Mlimani, basilika ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanza kujengwa 1228, ni makanisa mawili yaliyobebana. Ingieni la chini kwanza; kaburi liko chini yake zaidi. La juu lina picha 28 za maisha yake, ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa za mchoraji Giotto. Zinaanza ukuta wa kulia karibu na altare, zinashuka hadi mlangoni, kisha zinarudi kwa ukuta wa kushoto. Anayeanzia mlangoni husoma hadithi kutoka katikati, na ndilo kosa la wageni wengi. Picha za mchoraji mwingine, Cimabue, karibu na altare, zimegeuka nyeusi kwa sababu rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi imeharibika. Msidhani ni moshi wa mishumaa.

Mabega na magoti yafunikwe (kitenge kinatosha), na simu zisipige picha ndani. Ngazi ni nyingi, lakini miguu ya Kadutu haitashangaa.