Kwa mwalimu mpya wa maabara: wasikie kwanza, ndipo waiulize mashine

Ukikabidhiwa darasa la wanafunzi wa programu hapa Mbeya, usianze na mwongozo wa WCAG, ule wa kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu. Toleo la 2.2, la Oktoba 2023, ni refu. Watalipeleka kwa akili mnemba liwafupishie, na somo limekwisha. Weka NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, zima skrini, kisha kila mmoja aagize parachichi za Rungwe kwenye tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, kwa kibodi tu. NVDA haihitaji hata bando.

Kosa utakalolisikia mapema ni la lugha. Akili mnemba huandika ukurasa wa Kiswahili safi, lakini juu kabisa ya msimbo mara nyingi huacha lang="en", alama inayosema ukurasa ni wa Kiingereza. Kwa macho hakuna kasoro. Kwa masikio, Kiswahili chote kinatamkwa Kiingereza, na mnunuzi hajui anauziwa nini. Dawa yake ni herufi mbili, sw. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inakisoma Kiswahili.

Kisha vitufe. Mwanafunzi atabonyeza Tab, na "Lipa" itarukwa kwa sababu ni div, kisanduku cha kawaida tu, iliyovalishwa rangi. Hapa mfundishe kuuliza. Akisema "rekebisha ukurasa ufikike", ataletewa role, tabindex na mistari kibao ya JavaScript, ilhali tagi ya button inayafanya hayo yote yenyewe. Aseme hivi: "Tab imeiruka Lipa. Nieleze sababu, usiniandikie msimbo." Mimi alama natoa kwa maelezo ya mdomo, msimbo siku hizi kila mtu anao.

Utofauti wa rangi ya maandishi na ya nyuma yake, ule wa angalau 4.5:1, waachie vifaa vya kupimia. Usiupotezee kipindi.

Picha ndizo zenye mjadala. Kwenye alt, maelezo ya picha yanayosomwa kwa sauti, mashine itaandika "matunda ya kijani kwenye kikapu", na ni kweli, ila mnunuzi anataka kujua kama ni parachichi za aina ya Hass na zimepangwa kwa kilo au kwa tenga. Anayejua picha imewekwa kwa nini ni mwanafunzi. Ikiwa ni pambo tu, alt ibaki tupu. Wasiifute kabisa, maana kisoma skrini kinaweza kuanza kusoma jina la faili.

Kabla muhula haujaisha, mwalike mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini kila siku. Mlipe muda wake, si nauli peke yake.